UZI: Kueleza mahali na mtu hadi msomaji aone. Nguvu iko kwenye vitenzi

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika simulizi za kusoma kwenye simu, na watu hunitumia zao nizipitie kabla hawajazipandisha. Visa vyao vina mvuto kweli. Kuna usaliti, kuna mirathi inayogombaniwa, kuna machozi. Lakini simulizi ikifika mahali pa kueleza nyumba, bahari au uso wa mtu, kalamu inalegea. Nyumba inakuwa "nzuri sana", msichana anakuwa "mrembo mno", bahari inakuwa "kubwa yenye kuvutia". Msomaji anairuka aya, anakimbilia mazungumzo. Mimi mwenyewe huruka.

Leo nina jambo moja la kusema na nitalirudia katika uzi huu wote. Kiswahili kina vivumishi vichache. Hesabu vile vinavyopokea viambishi vya ngeli: -zuri, -baya, -kubwa, -dogo, -refu, -fupi, -pana, -embamba, -zito, -epesi, -kali, -pole... Endelea uone utakwamia wapi. Vingine tumevipata kutoka Kiarabu, kama safi, rahisi na ghali, na vingine tunaviunga kwa "-enye" na "-a". Sasa jaribu kuhesabu vitenzi. Utakesha. Lugha yetu imeweka macho yake kwenye vitenzi, na anayetaka msomaji aone lazima aende kuyatafuta huko.

Chukueni "kubeba". Mtoto aliye mgongoni ameelekwa. Aliye mapajani amepakatwa. Ndoo iliyo kichwani, mtu amejitwika. Sarafu iliyo ndani ya kiganja imefumbatwa. Bahasha imebanwa kwapani. Ndoo mbili zinazoning'inia kwenye mti begani, huo ni mzegazega. Ukiandika "alimbeba mtoto", sijui mtoto yuko wapi kwenye mwili wa mama yake. Ukiandika "alimpakata", tayari mama ameketi, magoti yamekaribiana, kichwa cha mtoto kimeegemea mkono. Neno moja limeshusha kiti, limeshusha mtu, limemlaza mtoto.

Au jikoni: kumenya, kukuna, kuchuja, kupepeta, kuchekecha, kuchambua. Kila kimoja kina mkono wake. Anayepepeta mchele anatikisa ungo kwa viganja vyote viwili na uso ameugeuza kando kukwepa makapi. Huhitaji kuniambia kwamba "alikuwa mchapakazi".

Naendelea baada ya swala. Karibuni mchangie.

#2 Mdau, Morogoro

Mkuu, nakuelewa, lakini hiyo si kukusanya msamiati tu? Mtu anaweza kuimeza kamusi yote na bado akaandika kavu. Namjua mmoja wa hivyo.

#3 Mwanzisha uzi

Mdau wa Morogoro umegusa penyewe, na jibu langu ni kisa kilichonipata.

Zamani niliandika simulizi yenye safari ya jahazi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Nilikuwa nimejifunza maneno ya chombo nikajivunia: mlingoti, foromali, tanga, omo, tezi, usukani. Nikayapanga yote katika aya moja. Nikampelekea mjomba wangu, ambaye ujana wake wote aliumalizia majini, nikamsomea barazani. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akauliza swali moja: "Upepo ulikuwa wa wapi?"

Nilikuwa nimeandika kwamba jahazi "lilisukumwa na kaskazi". Akauliza mwezi. Nikamwambia Julai. Akanyamaza kidogo, akasema, "Julai kaskazi gani hiyo, mwanangu? Julai ni kusi."

Sasa fikirini. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, kusi hushika pwani katikati ya mwaka. Mtu anayetoka Tanga kwenda Dar es Salaam anaelekea kusini. Julai, upepo unamjia usoni. Jahazi langu lililokuwa "likiteleza kwa madaha" lisingeteleza. Mjomba akanieleza ingekuwaje: lingekwenda kwa kubisha, upande huu kisha upande ule, na kila geuko mabaharia wangelihamisha tanga upande wa pili wa mlingoti, kazi ya kuumiza mabega. Maji yangepanda kwa omo na kuwarushia waliokaa mbele, nguo zingekauka na chumvi zikawa ngumu kama ngozi, na mtu angekuwa chini akitoa maji kwa kopo bila kupumzika. Au nahodha angekaa bandarini akisubiri. Alinieleza kwa kama dakika kumi, na mikono yake ilikuwa ikivuta kamba isiyokuwepo.

Maneno ya chombo nilikuwa nayo yote. Upepo sikuwa nao. Tangu siku hiyo, kabla sijaandika mandhari yoyote najiuliza upepo unatoka wapi, mwezi gani, saa ngapi, na mhusika wangu anafanya nini kwa mwili wake kwa sababu ya hayo. Majibu ndiyo yanayoita kitenzi. Kamusi inakuja baadaye kukusaidia kukumbuka jina la kile ulichokwisha kukiona.

Na majira yetu yana majina tayari, tuyatumie. Masika, vuli, kipupwe, kiangazi. Alfajiri, mafungulia ng'ombe, jua la utosini, alasiri, machweo. "Mafungulia ng'ombe" ni saa na pia ni zizi, mlango unafunguliwa, na kwato kwenye umande. Mwandishi anaandika "asubuhi yenye kupendeza" na anaiacha hazina hiyo sakafuni.

#4 Mdau, Morogoro

Nimenyamaza mkuu. Endelea.

#5 Mwanzisha uzi

Twende kwa mfano. Aya hii nimetumiwa wiki iliyopita, mwenyewe ameniruhusu niiweke hapa bila jina lake:

"Mama huyo alikuwa anauza vitumbua vizuri sana vyenye harufu ya kuvutia. Asubuhi ilikuwa tulivu na ya kupendeza. Watu wengi walipenda vitumbua vyake."

Nilimwambia aende kesho yake alfajiri akakae karibu na mpishi wa vitumbua, asiandike kitu, atazame tu. Akarudi, tukaiandika pamoja:

"Kulikuwa hakujapambazuka. Alichota mafuta kwa kijiko, akadondoshea kila kishimo cha chuma, akasubiri. Uji wa mchele ulipomiminwa ukalia chwaa, ukatulia. Vitundu vikaanza kufunguka juu, kingo zikajikunja zikawa hudhurungi. Akaingiza kijiti ubavuni, akakibetua; kitumbua kikageuka chote, kikaonyesha mgongo. Barazani pakanukia iliki. Akapuliza vidole, akahamia cha pili."

Hakuna "nzuri" hata moja. Na watu wenye njaa wamenipigia simu.

Kuna mambo matatu ya sarufi yanayofanya kazi hapo, na ni ya kwetu wenyewe.

Kwanza, "-ka-". Akadondoshea, akasubiri, akakibetua. Picha inatembea, kila tendo linasukuma jingine. Ukitaka picha isimame ili msomaji aangalie pembeni, leta "-ki-": mafuta yakichemka, jogoo akiwika kwa jirani. "-ki-" inaweka mambo mawili chini ya jicho kwa wakati mmoja. Waandishi wengi wanarundika "alikuwa ana..., alikuwa ana..." hadi aya inakuwa foleni ya magari.

Pili, mahali kuwa mtendaji. Hili nalipenda kuliko yote. Angalieni: "Barazani pakanukia iliki." "Chumbani mnanuka moshi wa koroboi." "Uwanjani kumetanda vumbi." Pa, ku, mu. Ukisema "mnanuka" umeshaniingiza ndani na mlango umefungwa nyuma yangu. Ukisema "kunanuka" niko eneo lote, sijui harufu inatoka kona gani. Ukisema "pananuka" umeninyooshea kidole. Herufi mbili tu zimefanya kazi ambayo mwandishi mwingine angeifanya kwa sentensi nzima. Halafu mtu anaandika "chumba kilikuwa na harufu mbaya".

Tatu ni fupi: ukubwa na udogo. Jumba, nyumba, kijumba. Mzee, kizee. Mtu, jitu, kijitu. Jina lenyewe linabeba jicho la anayetazama, pamoja na dharau au huruma yake. Litumieni kwa uangalifu, maana ukimwita bibi wa watu "kizee" msomaji atajua wewe msimulizi unamtazamaje.

#6 Mwalimu, Kilifi

Shukran kwa uzi. Mimi nafunza Kiswahili sekondari. Wanafunzi wangu huja na mapambo waliyoyakariri: "nilirauka alfajiri ya Mungu", "nikachapua milundi", "machozi yakanitiririka njia mbilimbili", na kila insha lazima "wahenga walilonga". Nikiwauliza milundi ni nini, wengi hawajui. Nawe unasema vitenzi. Kurauka si kitenzi? Kuchapua si kitenzi?

#7 Mwanzisha uzi

Mwalimu, asante sana, swali hili nililisubiri.

Ni vitenzi, na ni vitenzi vizuri. Mlundi, au muundi, ni mfupa wa mguu kati ya goti na kifundo. Aliyesema "kuchapua milundi" mara ya kwanza alikuwa amemwona mtu akienda mbio hadi miundi inaonekana ikipishana. Aliona, kisha akasema. Mwanafunzi wako hakuona, amepokea. Katika insha arobaini ulizosahihisha, milundi arobaini imechapuliwa na hakuna mguu hata mmoja uliogusa ardhi.

Ningekuwa darasani kwako ningemuuliza kila mmoja: leo umefikaje shule? Miguu yako ilikanyaga nini? Mmoja atasema soksi zimelowa kwa umande wa majani ya mahindi. Mwingine atasema aliruka dimbwi, akakosea, kiatu kimoja kikaingia. Mwingine alikaa juu ya tangi la pikipiki, mbele ya dereva, goti lake likaungua kidogo kwa joto la injini. Hao wote wameshaandika aya na hawajui. Akishapata hiyo soksi iliyolowa, kama bado anataka kurauka, arauke. Sasa neno lina mtu ndani yake.

Tashbihi pia ziko hivyo. "Meno meupe kama maziwa", "shingo ya mwanzi", "mwendo wa twiga". Zilikuwa picha, zimesuguka. Njia ninayoifuata mimi ni kumwachia mhusika ailete tashbihi kutoka kwenye kazi yake. Fundi cherehani akitazama wingu jembamba ataona bitana. Mkwezi ataupima urefu wa kitu kwa minazi. Na mtu wa minazi hasemi tu "nazi": anajua kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Akisema binti fulani "bado kitale", tumejua umri wa binti, na tumejua pia mzee huyu ametoka wapi na anawaza nini. Tashbihi moja imeeleza watu wawili.

#8 Mdau, Dodoma

Na zile "chubwi", "tifu"? Mwalimu wetu alituambia ni za hadithi za watoto.

#9 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hapo sikubaliani kabisa, na niruhusu niseme kwa nguvu.

Tanakali za sauti ni kati ya vitu vyenye usahihi mkubwa tulivyonavyo. Mtu akianguka majini, chubwi. Mchangani au vumbini, tifu. Matopeni, pwata. Kwa kishindo sakafuni, pu. Kila mmoja wetu akisikia tu sauti anajua chini kulikuwa na nini. Ukiandika "aliteleza, pwata", huna haja ya kuniambia mvua ilinyesha.

Na siyo sauti peke yake. Nyeupe pe. Nyeusi ti. Nyekundu pyu. Giza totoro. Kulala fofofo. Kuloa chapachapa. Kujaa pomoni. Kutulia tuli. Kukataa katakata. Kila moja ina mwenzake iliyoolewa naye. Huwezi kusema "nyeupe pyu" ukaeleweka. Watu wazima wanazitumia kutwa nzima: msibani, sokoni, mahakamani. Kwa nini wakishika kalamu wazione za kitoto?

Onyo langu ni kiasi tu. Moja kwenye ukurasa inatosha. Na iweke mwisho wa sentensi, isimame peke yake, usiifuate na maelezo. "Akatumbukiza mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa mkavu kau." Inatosha. Usiendelee kuniambia kwamba hakuwa na pesa.

#10 Dada, Tabora

Naomba msaada kwa watu. Nikieleza mtu naishia "mrefu, maji ya kunde, ana macho ya kuvutia". Nikijaribu kukwepa nabaki sina kitu.

#11 Mwanzisha uzi

Dada, "maji ya kunde" lenyewe halina kosa. Aliyelitunga alikuwa ametazama sufuria. Shida ni orodha. Msomaji akipewa urefu, rangi, macho, pua na nywele kwa mfuatano anapata kitambulisho, hapati mtu.

Mpe mtu wako kitu mkononi. Niliwahi kuhangaika siku nyingi kumweleza bibi katika simulizi yangu moja. Umri, makunyanzi, mvi, yote niliandika nikafuta. Mwishowe nikaandika hivi:

"Bibi alivuta pindo la khanga, akatafuta fundo. Alilianza kwa kucha, likakataa. Akalitia menoni, akalilegeza, akarudi kwa kucha. Ndani mlikuwa na noti ya elfu mbili iliyokunjwa hadi ikawa ndogo kama korosho. Akaikunjua juu ya goti, akaipiga pasi kwa kiganja, akanipa. Kisha akalifunga tena fundo, japo lilikuwa tupu."

Watu wengi waliniandikia kuhusu hilo fundo tupu. Sikusema kwamba bibi ni maskini, sikusema ananipenda, sikusema ana miaka mingapi. Meno yanayofungua fundo yanasema.

Nyongeza moja kuhusu kueleza kilichopotea, maana najua simulizi nyingi humu zina nyumba iliyofilisika. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa kisiwa cha Pate, katika utenzi wake Al-Inkishafi alitaka tuone jinsi majumba ya matajiri wa huko yalivyoanguka. Mojawapo ya alivyotuonyesha ni madaka ya ukutani, yale yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kauri. Sasa ndege wamelaza makinda yao humo. Kikombe kilipokaa, kinda limekaa. Nikiandika nyumba iliyofilisika natafuta daka langu: ni kitu gani kimekaa mahali pa kitu kingine? Mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya gereji. Pazia la sebuleni limekuwa mbeleko. Ukikipata hicho, aya imekwisha, weka nukta.

#12 Mdau, Morogoro

Mkuu nimejitosa. Hii ni ya zamani yangu: "Nilifika stendi asubuhi. Kulikuwa na watu wengi sana na kelele nyingi. Nilihisi huzuni kubwa. Basi letu kubwa lilikuja na tukaondoka." Niikarabati vipi?

#13 Mwanzisha uzi

Sitaigusa. Nakuuliza tu: saa ngapi? Nani alikuwa ameketi, na ameketi juu ya nini? Sauti ya karibu kabisa na sikio lako ilikuwa ipi? Hiyo huzuni ilikuwa ya nani? Ukipata majibu, andika upya bila "sana" na bila "-kubwa".

#14 Mdau, Morogoro

Imenichukua siku mbili. Hii hapa:

"Saa kumi na moja alfajiri stendi ilikuwa imeshaamka. Wauza mayai walikimbilia madirisha, ndoo zao za plastiki zikigonga ubavu wa mabasi. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia, amempakata mtoto, kifundo cha mguu amekifunga kamba, na ncha ya pili ya kamba ameifunga kwenye begi. Alikuwa amesinzia. Ghafla basi likaingia, breki zikapumua, vumbi likatupanda hadi magotini. Mama hakufumbua macho. Alivuta kwanza mguu, kamba ikakaza, akasikia uzito wa begi. Ndipo akaamka."

#15 Mwanzisha uzi

Nimeisoma mara tatu. Hiyo kamba umeitoa wapi?

#16 Mdau, Morogoro

Ni mama yangu, mkuu. Siku tuliyohamia huku. Mtoto ni mdogo wangu.

#17 Mwanzisha uzi

Basi toa "ghafla", mengine yaache yalivyo. Na sema kamba ilikuwa ya nini.

#18 Mdau, Morogoro

Ya katani. Iliacha alama mguuni, ilikaa hadi jioni.